Bangi ndani ya Nyumba: Tangu Mbegu hata Mavuno

Ndugu msomaji, liko swali moja ambalo watu huliuliza mara nyingi katika uwanja wa hospitali, tena huulizwa na watu wenye akili njema. Husema hivi: «Mganga, ikiwa bangi ni mbaya, mbona wazungu siku hizi wanaipanda ndani ya nyumba zao, wala hakuna anayewafunga? Mtoto wa dada yangu yuko Canada, amenitumia picha. Mti uko chumbani, umewekewa taa kama mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi yake.»

Swali hili ni swali la haki. Si vema kulijibu kwa kufoka na kwa kumtisha mtu. Vijana wetu wanaona picha hizo katika simu kila siku, nao wakifokewa tu watasema ya kwamba wazee hawajui kitu. Basi tuutazame mti wenyewe, tangu mbegu yake hata siku ya kuvunwa, ndipo tutaelewa kwa nini watu wanauwekea taa, na kitu gani wanachokitafuta ndani yake.

Mbegu ya bangi ni ndogo, haizidi punje ya pilipili manga. Rangi yake ni ya kijivu au ya udongo, nayo ina madoa kama yai la kware. Mbegu haina ulevi. Ina mafuta, na katika nchi nyingi hupewa ndege wa kufugwa. Ukiiweka katika udongo wenye unyevu na joto, hupasuka kwa muda wa siku tatu mpaka saba. Kwanza hutokea majani mawili ya mviringo. Kisha hutokea majani mengine yenye meno pembeni, na kila jani jipya huongeza vidole: kimoja, vitatu, vitano, saba. Mtu apitaye njiani anaweza kudhani ni muhogo, na ndiyo sababu wenye kuificha huipanda katikati ya mihogo au mahindi. Lakini wewe tazama ukingo wa jani. Jani la muhogo ni laini pembeni, jani la bangi lina meno kama msumeno. Sombe haina msumeno.

Sasa sikia jambo la ajabu la mti huu. Unahesabu usiku. Kwa muda wote ambao mchana ni mrefu na usiku ni mfupi, hukua shina na majani tu. Usiku ukirefuka kufikia saa kumi na mbili hivi, mti huacha kurefuka sana na kuanza kutoa maua. Katika nchi za Ulaya mambo hayo hufuata majira: majani wakati wa joto, maua wakati baridi inapokaribia. Kwetu sisi tulio karibu na ikweta, usiku na mchana ni karibu sawa mwaka mzima. Kwa hiyo aina za zamani za nchi za joto zimejizoeza kwenda polepole, nazo hukaa miezi mingi shambani kabla ya kukomaa.

Mtu anayeipanda ndani ya nyumba ameliondoa jua na kuweka taa mahali pake. Yeye mwenyewe ndiye anayeamua sasa ni majira gani. Majuma ya kwanza huacha taa ikiwaka muda wa saa 18 kila siku, na mti hufikiri ya kwamba ni wakati wa joto. Kisha huipunguza iwe saa 12 za mwanga na saa 12 za giza kamili, na mti huanza kuchanua. Maua hukomaa kwa majuma nane au kumi hivi. Tangu mbegu hata kukata ni miezi mitatu, minne au mitano. Yaani amechukua mwaka wa shamba na kuukunja ndani ya chumba kimoja.

Tena mti wa bangi una dume na jike, kila mmoja peke yake, kama mipapai. Dume hutoa unga wa maua, na upepo huuchukua hata kwa jike. Jike akiisha kupata unga huo, nguvu yake huenda katika kutengeneza mbegu. Lakini mwenye chumba hataki mbegu, anataka ulevi. Kwa hiyo madume hung'olewa mapema, na jike hubaki akingoja unga usiokuja. Maua yake huzidi kunenepa na kujaa vinyweleo vidogo sana, na juu ya kila kinyweleo kuna tone la utomvu unaonata kama ulimbo. Ndani ya utomvu huo ndimo ulimo ulevi wote, wala si katika mizizi wala katika mbegu. Maua yakiisha kukatwa hutundikwa kichwa chini mahali penye giza, muda wa juma moja au mawili, kisha hufungwa katika chupa.

Hiyo ndiyo habari yote ya kilimo hicho. Umeona kazi kubwa iliyomo? Taa za nguvu, mashini za kupepea hewa, umeme mchana na usiku. Sisi ambao umeme tunaupata kama mvua ya mwezi wa saba hatuna hata haja ya kuogopa sana kwamba jirani atafanya hivyo wiki ijayo. Hata huko kwenye umeme, chumba cha namna hiyo kina hatari zake. Mimi nazitaja kwa sababu ndugu zetu wengi wanakaa huko, nao husoma vitabu hivi tunapowatumia. Waya zikibebeshwa mzigo mkubwa huwaka moto na kuteketeza nyumba. Unyevu wa mimea mingi katika chumba kilichofungwa huleta ukungu kutani na juu ya maua yenyewe. Mtu mwenye mapafu dhaifu, au aliyepunguziwa nguvu za mwili na Ukimwi, akivuta maua yenye ukungu anaweza kupata ugonjwa mzito wa mapafu. Na watoto wadogo huokota kila kitu na kukitia kinywani. Huko Marekani na Canada, tangu sheria zilipolegezwa, watoto wengi zaidi wameletwa hospitalini kwa sababu walikula biskuti au peremende zilizotiwa bangi. Mtoto hulala asiamke vizuri, na mwingine hupungukiwa pumzi.

Je, ni kweli kwamba hawafungwi? Ni kweli nusu. Canada iliruhusu bangi tarehe 17 mwezi wa kumi 2018, na nyumba moja inaweza kuwa na miti minne. Lakini jimbo la Québec, penye mji wa Montréal wanapokaa Wakongo wengi, linakataza kabisa kuipanda nyumbani, na mahakama kuu ya Canada ilithibitisha katazo hilo mwaka 2023. Kwa hiyo ikiwa mtoto wa dada yako anakaa Montréal, mwandikie mapema. Afrika ya Kusini, mahakama ya katiba ilisema mwaka 2018 ya kwamba mtu mzima anaweza kuipanda kwa faragha yake mwenyewe, lakini si kuiuza. Ujerumani iliruhusu miti mitatu kwa mtu mzima tangu tarehe 1 mwezi wa nne 2024. Hapa Kongo sheria inaikataza.

Tena angalia neno hili. Wale walioiruhusu hawakusema kwamba ni chakula. Waliona ya kuwa kufunga watu hakukuizuia, wakaona afadhali kuiweka chini ya sheria kama pombe. Na hata hivyo wanawaogopea vijana. Katika Québec mtu hawezi kuuziwa kabla ya kutimiza miaka 21. Kwa nini miaka 21, ikiwa ni jani tu kama majani mengine? Nitafika hapo.

Kwanza nieleze juu ya nguvu yake. Mwaka 1964, wenye elimu wawili huko Israeli, Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni, walikitenga ndani ya utomvu wa bangi kile kitu kinacholevya. Jina lake ni refu, tetrahidrokanabinoli, nasi tutakiita THC kama wengine wote. Tangu hapo watu waliweza kuipima. Katika bangi iliyokamatwa na serikali ya Marekani mwaka 1995, THC ilikuwa karibu sehemu 4 katika 100. Mwaka 2021 ilikuwa karibu 15 katika 100. Hiyo ndiyo kazi ya vyumba vile na kuchagua mbegu na kung'oa madume. Kwa hiyo mzee anayesema, «Babu yangu alivuta, akaishi miaka mingi,» anasema habari ya kitu kingine. Ni kama kulinganisha kasiksi na pombe kali iliyochemshwa mara mbili.

Wengine husema pia ya kwamba bangi ni desturi ya nchi yetu tangu mwanzo. Hapana. Mti huu asili yake ni Asia, na jina lenyewe la bangi limetoka Bara Hindi, likaja na wafanya biashara wa pwani ya mashariki, likaingia ndani pamoja na misafara. Lakini ni kweli kwamba watu wetu waliwahi kuipa heshima kubwa. Huko Kasai, zamani za mtemi Kalamba Mukenge, walikuwako watu walioitwa Bena Riamba, maana yake watu wa bangi. Waliacha hirizi zao nyingi za zamani, wakafanya bangi kuwa kifungo cha umoja na amani, wakaivuta pamoja katika mikutano. Wajerumani Pogge na Wissmann waliwakuta hivyo mwaka 1881. Nasimulia habari hii kwa sababu nafikiri ni lazima tuseme kweli yote: wale walitafuta amani, hawakutafuta ubaya. Tena walikuwa watu wazima, wakikutana kwa utaratibu. Mtoto wa miaka kumi na minne anayevuta peke yake nyuma ya soko si Mwena Riamba.

Sasa juu ya kichwa. Katika bongo zetu kuna vitu vidogo vinavyopeleka habari kutoka mahali hata mahali, na vingine vinapunguza habari zisizidi, kama mtu anayefungua na kufunga maji ya mfereji. Mwili wenyewe hutengeneza kitu cha kufanya kazi hiyo, kidogo kidogo na mahali panapotakiwa. THC inafanana nacho, nayo huingia na kufungua mifereji yote kwa mara moja. Ndiyo sababu mvutaji hucheka bila sababu, husikia njaa, huona saa moja kama siku, husahau neno alilolisema sasa hivi. Kwa mtu mzima mambo hayo hupita kwa saa chache. Lakini bongo za kijana bado zinajengwa, nazo huendelea kujengwa mpaka karibu miaka 25. Ukiharibu mifereji ya nyumba ambayo bado haijaezekwa, taabu hubaki ndani ya kuta.

Katika nchi ya Sweden walifuata vijana wa jeshi zaidi ya 45,000 kwa muda wa miaka 15, wakatoa habari zao mwaka 1987. Wale waliokuwa wamevuta bangi zaidi ya mara 50 walipatwa na ugonjwa mkubwa wa akili, ule wa kusikia sauti na kuona maadui wasiokuwako, mara sita kuliko wale ambao hawakuvuta kamwe. Sikiliza vizuri: si kila mvutaji anayepata wazimu. Walio wengi hawapati. Lakini hakuna anayejua kwa macho ni nani mwenye mlango dhaifu. Ikiwa katika ukoo wenu yuko mjomba au shangazi aliyeugua akili, watoto wa ukoo huo wana hatari kubwa kuliko wengine, na ni haki yao kuambiwa. Tena katika watu kumi wanaoionja, karibu mmoja hushindwa kuiacha. Kwa wanaoanza wakiwa vijana, ni karibu mmoja katika sita.

Mama mwenye mimba asiivute wala asiinywe. Mtoto huzaliwa na uzito mdogo, na hata baada ya kuzaliwa THC humfikia katika maziwa ya mama.

Nimefika kwenye jambo lililonifanya hasa niandike kurasa hizi, nalo ni habari ya kifafa.

Wengi wamesikia ya kwamba huko ng'ambo bangi inaponya kifafa. Habari hii ina kweli ndani yake, na kwa kuwa ina kweli imekuwa hatari. Iko dawa inayoitwa kanabidioli, iliyotolewa katika mti huo huo. Marekani waliikubali mwaka 2018, na Ulaya mwaka 2019, kwa namna chache za kifafa kigumu sana cha watoto. Lakini kanabidioli si THC. Hailevyi. Imetengwa na kusafishwa, inapimwa kwa tone kwa uzito wa mtoto, na mganga huangalia ini lake kwa damu. Bangi inayopandwa kwetu kwa kawaida ina THC nyingi na kanabidioli kidogo sana. Kumpa mtoto maji ya majani yaliyochemshwa si kumpa dawa ile. Ni kumlevya.

Na ubaya mkubwa hauko hata katika chungu. Uko katika vidonge vilivyoachwa. Inatokea hivi: mtoto anakunywa fenobarbitali, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Gardenal. Imepita miezi, anaanguka mara chache tu. Mtu anakuja na habari za bangi. Mama anafikiri, nitamwachisha vidonge ili dawa hizi mbili zisigombane tumboni. Anaacha ghafula siku ya kwanza. Siku ya pili au ya tatu mtoto anaanguka, anatikisika, hajaamka bado na anaanguka tena, na tena. Hiyo si degedege ya kawaida. Mtoto anaweza kufa, au akabaki bila kusema na bila kutembea. Ndugu, fenobarbitali haiachwi kwa siku moja. Hata ikiwa imekuchosha, hata ikiwa franga zimekwisha, njoo useme, nasi tutatafuta njia. Ni moja ya dawa za bei ndogo katika kabati letu lote. Ikiwa ni lazima kuiacha, hupunguzwa polepole kwa majuma mengi.

Na mtoto akianguka nyumbani, fanya hivi. Ondoa moto, sufuria na mawe karibu naye. Mlaze kwa ubavu ili mate na povu vitoke. Usimtie kijiko kinywani, usimwagie maji, usimnyweshe kitu chochote mpaka aamke kabisa. Angalia saa. Ikipita dakika tano bado anatikisika, mbebe mara moja umlete, hata kama ni usiku. Wala usiogope povu lake. Kifafa hakiambukizi kwa povu, wala kwa mkojo, wala kwa kula sahani moja. Tumetibu wengi wenye majeraha ya moto waliyoyapata kwa sababu walianguka jikoni, na watu kumi walisimama wakiogopa kuwagusa.

Ninyi mnaokaa karibu na mito yenye maji ya kasi, mahali penye wale inzi wadogo weusi wanaoleta upofu wa mto, jueni ya kwamba kifafa ni kingi huko kuliko mahali pengine, na ugonjwa ule wa inzi unahusika nacho. Wagawaji wa Mectizan wakipita, watoto wote wanaostahili wameze. Kipimo kimoja cha Mectizan kina faida kuliko shamba zima la bangi.

Neno la mwisho ni kwa yule anayevuta na anataka kuacha, na kwa mama yake. Kuacha bangi hakuui. Siku za kwanza hatalala vizuri, ataota ndoto mbaya, atakasirika kwa neno dogo, chakula hatakitaka. Taabu huzidi katika juma la kwanza, nayo hupungua na kuisha kwa majuma mawili au matatu. Hakuna kidonge maalum. Apewe maji, chakula kidogo kidogo, kazi ya mikono mchana ili achoke, na asikae na wale aliokuwa akivuta nao. Akianguka akavuta tena, aanze tena. Wengi huanza mara tatu au nne.

Lakini yule ambaye amekwisha kuanza kusikia sauti, au anakataa chakula akisema kimetiwa sumu, huyo ni mgonjwa, wala si mwasi. Msimfunge minyororo. Msimfungie katika chumba cha maombi siku arobaini bila kula. Mwombeeni njiani mkimleta. Ziko dawa za kutuliza ugonjwa huo, nazo hufanya kazi vizuri zaidi zikianzwa mapema. Na ikiwa hapa kwetu hatuwezi, Bukavu kuna hospitali ya SOSAME kwa ajili ya wagonjwa wa akili, na Goma iko Tulizo Letu. Mtu mmoja anayemjua vizuri aje naye, aseme alianza kuvuta lini, kwa kiasi gani, na mara ya mwisho ilikuwa siku gani. Hatupeleki jina lake kwa polisi. Na dawa yoyote aliyonyweshwa nyumbani, hata ikiwa ni ya majani, iletwe katika chupa yake ili mganga aione.